Nyumba za kulala mlimani Japani zikoje?

SWALI: Shangazi habari za kazi, mi kijana wa Kasese ila sasa niko Japani kwa masomo, wenzangu wa darasani wanataka mwezi wa 8 tupande mlima Yari kupitia bonde la Kamikochi na tulale kwenye nyumba za huko huko mlimani. Nyumbani nimebeba mizigo ya watalii Rwenzori misimu miwili kwa hiyo mlima siuogopi, ila hizo nyumba ndo sizijui. Nibebe chakula? Blanketi? Na kuoga?

JIBU: Mwanangu, blanketi acha. Nyumba hizo wanaziita yamagoya, unapewa godoro jembamba na la kujifunika, mnalala mmepangana watu msiojuana, chakula cha jioni na cha asubuhi unalipia pamoja na kulala, kwa kawaida inapita yen 10,000, na ubebe keshi. Kuoga sahau, huko juu kabisa maji ni ya mvua wanayokinga, vitu vingine vinaletwa na helikopta, kwa hiyo jifute na kitambaa kibichi bila sabuni. Choo unatia sarafu kwenye kaboksi, takataka zako zote unashuka nazo.

Lakini kikubwa ni saa. Rwenzori ukichelewa kambini mpishi anakuwekea, si unajua mwenyewe, kule jaribu saa 9 alasiri uwe umefika, maana chakula ni kama saa 11 jioni, taa zinazimwa saa 3 usiku au kabla, na mwezi wa 8 radi za mchana zinapiga sana na Yari ina mita 3,180, ukikutwa kwenye mgongo wa mlima huna pa kujificha. Mi mwaka niliopanda goti lilinisumbua nikafika saa 12 giza linaingia, nikamkuta mzee mwenye nyumba mlangoni ameshavaa viatu na tochi mkononi, alikuwa anatoka kunitafuta. Hakunigombeza, alinipa chai tu, lakini niliumia sana moyoni.

Viatu mnavua mlangoni na vyote vinafanana, funga kitambaa chekundu kwenye vyako, watu wanaamka saa 10 usiku kwenye giza wanachukua vya wenzao.

Fanyeni bukingi sasa hivi, katikati ya mwezi wa 8 Wajapani wako likizo na nafasi zinaisha, na siku yenyewe mkiona foleni ndefu kwenye ngazi za chuma za kileleni pigieni simu mapema nyumba mtakayolala kwamba mtachelewa.