Ulikuwepo Kikaoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili nilimsomea baba yako, akacheka pale ulipoandika kwamba ukisimama kikaoni magoti yanakuwa ya mtu mwingine. Unauliza kama mtu wa miaka thelathini na moja bado anaweza kujifunza kusema mbele za watu kazini bila sauti kutetemeka, au kama hilo ni la utotoni, likikupita limekupita. Na kwa kificho, kama kawaida yako, unauliza kama uukubali huo uongozi wa timu ambao kila Jumatatu utakutaka utoe taarifa mbele ya wakubwa.

La kwanza ni jepesi: anaweza. Mimi nilijifunza nikiwa nimekuzidi umri, na mwalimu sikuwa naye. La pili nitalifikia. Ila nilipokuwa nakusoma niliona kuna swali umelizunguka tu: mtu anafanyaje na lile alilokuwa nalo mdomoni akalimeza. Hilo nalijua vizuri.

Kisa cha saa za ziada unakijua, shangazi yako hukisimulia kila tukikutana. Tatizo hukisimulia kama kichekesho. Leo nipishe mimi.

Nilikuwa karani wa hesabu, nina mimba yako ya miezi saba. Mezani kila mtu ana jedwali la mishahara, kurasa mbili zimebanwa kwa pini. Kabla hatujafika ajenda ya tatu nilikuwa nimeshaliona kosa: malipo ya saa za ziada yalikuwa yameingia kwenye jumla ndogo, kisha yakaongezwa tena kwenye jumla kuu. Nilikokotoa kwa penseli pembeni mwa karatasi, nikarudia. Hakukuwa na shaka. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye swali?" Nikavuta pumzi, nikaishikilia hapohapo kifuani kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Mdomo ukakauka. Moyo nikausikia masikioni. Na wewe ukanipiga teke, teke la kweli, mpaka karatasi iliyokuwa imelala juu ya tumbo ikacheza. Baba yako anasema hilo nimeliongeza baadaye. Yeye hakuwepo, wewe ulikuwepo.

Nikainama nikamnong'oneza mwenzangu wa kulia. Yeye akanyoosha mkono, akalisema.

Akalisema nusunusu! Akadai kuna safu imerukwa, kumbe imehesabiwa mara mbili. Wakakaa robo saa wanatafuta safu iliyorukwa, na mimi nimeshika penseli, jibu liko chini ya kiganja changu. Mwisho mhasibu mkuu akaligundua mwenyewe, na mwenzangu akashukuriwa kwa umakini wake. Usidhani namlaumu. Tulipotoka aliniambia kwa moyo mweupe, "Ungesema wewe ingekuwa bora." Unajua nilimjibu nini? "Aa, wapi, wewe umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi."

Shukrani alizopewa nilishazisahau. Hilo jibu langu ndilo linalonirudia nikiwa naosha vyombo. Ndani ya kikao nilinyamaza kwa hofu, sawa, hofu ni mwili. Lakini pale koridoni hapakuwa na mwenyekiti wala macho ya watu. Sauti ilitoka vizuri kabisa, na nikaitumia kusema uongo juu yangu mwenyewe.

Usiku ule baba yako akaniletea kisa chake cha Gandhi, kilekile alichokupa wewe ulipofeli usaili. Kijana katoka kusomea sheria London, anasimama mahakamani Bombay kwenye kesi yake ya kwanza amhoji shahidi, kichwa kinazunguka, swali halimji hata moja. Akaketi, akarudisha ada ya rupia 30, kesi ikaenda kwa wakili mwingine. Nilimkasirikia baba yako. Nikamwambia huyo alikuja kuwa Gandhi, mimi nitabaki karani wa hesabu, sasa kisa chako kinanisaidia nini? Miaka ikapita ndipo nikajua sehemu ambayo baba yako huiruka. Mwaka 1893 Gandhi alikwenda Afrika Kusini, na huko Pretoria akatoa hotuba aliyosema mwenyewe kwamba yaweza kuitwa ya kwanza kwake mbele ya umma. Alizungumza na wafanyabiashara juu ya kusema kweli katika biashara, na alikwenda akiwa ameiandaa mada yake. Sehemu hiyo ndiyo niliyoipenda. Aibu yake haikuwa imekwisha, alikuwa na jambo mkononi.

Na hapa utaniambia "Mama ameanza." Nimeanza, ndiyo. Iandike sentensi ya kwanza. Nilikwambia ulipokuwa na mdahalo shuleni, nikakwambia siku ya usaili, na nitakwambia mpaka nizikwe. Usiandike hotuba nzima, maana ukikariri yote ukasahau neno moja umepotea njia. Andika sentensi moja, ya kwanza, kwa maneno ambayo ungemwambia kaka yako. "Naona malipo ya saa za ziada yamehesabiwa mara mbili, ukurasa wa pili." Basi. Ningekuwa na hiyo tu kwenye penseli yangu, ningeisoma, hata kwa sauti ya paka.

Sauti yangu niliipata kwa mlango wa nyuma. Niliomba niwe nasoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Hakuna aliyeitaka kazi hiyo, nikapewa siku ileile. Maneno si yangu, hakuna wa kunibishia, lakini sauti ni yangu na chumba ni kilekile. Miezi kadhaa hivi, mwili ukazoea kwamba mtu anaweza kusikika pale na asife. Halafu nikaanza kuuliza swali moja kila kikao, na nililiuliza mapema, ndani ya dakika kumi za kwanza, kwa sababu kadiri unavyosubiri ndivyo ulimi unavyozidi kuwa mzito. Kabla ya kusema natoa pumzi kwanza, polepole, mpaka iishe. Unapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo kidogo, na huo kidogo unakutosha. Na usishike karatasi moja nyembamba, itautangaza mtetemo wa mkono kwa chumba kizima. Weka jalada gumu chini yake.

Ulilalamika kwamba wote wanakuona unavyotetemeka. Wanakuona kidogo kuliko unavyodhani. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio lao: mwanafunzi anavalishwa fulana ya kumtia aibu, yenye picha ya mwimbaji, anaingizwa chumbani mwa wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Waliotambua walikuwa kama robo. Sasa hiyo robo ipo, sikudanganyi. Ila ile robo nyingine umeiumba mwenyewe.

Lakini ngoja. Nikiyasoma niliyoandika najiona kama nasema kosa lote ni la anayenyamaza, na sivyo. Yule mwenyekiti aliuliza "Kuna mwenye swali?" huku akikusanya karatasi zake. Huko si kuuliza. Wapo wakubwa wanaoendesha kikao kwa namna ambayo hata jiwe lingeona haya kusema. Tena baba yako huyuhuyu kakaa kazini miaka yote akisema maneno matatu kwa wiki, na kila fundi akikwama alikuwa anamfuata yeye. Amepungukiwa nini? Naogopa kukufundisha kwamba anayesema ndiye anayejua. Mwenzangu wa kulia alisema, na hakuwa anajua.

Na bado, safu ile ilikuwa imehesabiwa mara mbili, na aliyeijua ni mimi.

Sasa la uongozi. Nimeandika hapa sentensi moja, nikaifuta. Nikaandika nyingine, baba yako akasoma begani kwangu akasema, "Mwache mtoto aamue." Kwa hiyo nakuacha, ingawa mkono unaniwasha na wewe unajua kabisa nilichofuta. Ulichoandika mwenyewe ni kwamba hesabu za timu unazijua kuliko aliyekuwa anaziwasilisha. Hiyo ni kauli yako, sikuitia chumvi.

Jumatatu wamekuomba useme kitu kidogo, hata kabla hujawajibu. Jumapili jioni nirekodie kwenye simu sentensi yako ya kwanza, hiyo moja tu, unitumie. Usirudie rudie mpaka ipendeze. Ukikwama katikati iache ilivyo, nataka nisikie unakwama wapi.

Mama yako.