Sakafu kavu ya Dodoma isikudanganye: kwa mafundi mnaoanza kuweka vinaili

Mdogo wangu unayeanza kazi ya vinaili, vile vipande vya plastiki vya kufunika sakafu, hapa Dodoma, hujafungua boksi la kwanza, chuchumaa kwanza uiangalie sakafu. Jua na upepo wa huku hukausha uso wa zege upesi mno, hadi vumbi linatimka, kumbe tumbo lake bado bichi. Hata jina la mji inasimuliwa limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani kuzama, kwa sababu ya tembo aliyedidimia kwenye tope. Hapa hapa penye ukame.

Mimi nilifundishwa na nyumba moja ya Nzuguni. Ilikuwa Oktoba, sakafu nyeupe, imekauka kwa macho. Nikabandika sebule nzima kwa gundi. Januari, mvua zimekolea, mama mwenye nyumba akanipigia simu. Nikamkuta pekupeku katikati ya sebule. "Fundi, hebu kanyaga hapa." Nikakanyaga, gundi ikachungulia kwenye maungio, laini kama uji. Nilipofunua kipande, nilipokewa na harufu ya udongo uliolowa, na chini yake unga mweupe wa chumvi. Waliomwaga jamvi, yaani zege la sakafu, hawakutandika nailoni chini, nami sikuuliza. Vile vipande nilivilipa mimi.

Vinaili haipitishi maji, na watu huipendea hilo. Lakini unyevu unaopanda kutoka ardhini nao unakosa pa kutokea, unajikusanya chini na kuila gundi.

Basi pima. Kata nailoni safi ya sentimita 45 kila upande, ilaze juu ya zege mahali pasipopigwa na jua, bana kingo zote kwa tepu pasipite hewa, uiache saa 16 au zaidi. Mimi huiweka jioni, nafunua kesho yake mchana. Ukikuta matone, au zege limekuwa jeusi, usibandike. Pima katikati ya chumba, kando ya ukuta wa nje na karibu na bafu. Nailoni ikitoka kavu ni dalili njema, ila haijamaliza maneno. Kwa kazi ya gundi tafuta pia kipimo cha unyevu na usome kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji.

Utasikia wanasema zege likifika siku 28 liko tayari. Siku 28 ni za nguvu ya zege. Kukauka ni hesabu nyingine: kadiria mwezi mmodi kwa kila milimita 25 za unene, tangu ulipoacha kumwagilia. Jamvi la sentimita 10 linataka kama miezi minne. Mwenye nyumba atakuharakisha. Mweleze kwa heshima, umwoneshe ile nailoni yenye matone.

Sasa usawa. Laza rula ya alumini ya mita 3, izungushe kila upande, na upenyo chini yake usizidi milimita 5 hivi. Vinaili nyingine zinataka pungufu, soma boksi. Zungushia chaki kila bonde na kila kilima. Sakafu kuwa na mwinamo kidogo si tatizo. Mabonde ndiyo yanayovunja ulimi wa vipande vya kubana, vile vinavyoshikana vyenyewe bila gundi, kila mtu anapopita. Vilima visage kwa grainda yenye diski ya almasi, barakoa ya vumbi ikiwa usoni, maana vumbi la zege linaharibu mapafu. Mabonde yajaze kwa saruji maalumu ya kusawazishia. Usipake niru (uji wa saruji) nyembamba, itabanduka na kusagika.

Ufa mwembamba uliotulia utaujaza. Ufa ambao upande mmoja umepanda juu ya mwenzake, hasa penye udongo mweusi unaovimba na mvua, mwite fundi mwashi kwanza. Huo hautibiwi na vinaili.

Mwisho fagia, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevunyevu na uache pakauke. Pitisha kiganja sakafuni. Kikitoka na vumbi, gundi itashika vumbi badala ya zege, kwa hiyo chukua ufagio tena.