Jibu: Baba ana uvimbe wa aota, sasa miguu imejaa

Pole sana ndugu yangu. Umesema baba hapo Ujiji alipimwa ultrasaundi, aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) tumboni ikaonekana imetanuka sentimita 6, na sasa miguu imevimba, anahema, mkojo una damu. Msidhani ni moyo tu. Mara chache mshipa huo hupasukia ndani ya vena kubwa (mshipa unaorudisha damu moyoni) iliyo kando yake badala ya kumwaga damu tumboni. Damu nyingi inarudi moyoni kwa kasi, moyo unaelemewa. Daktari akiweka stetoskopu tumboni anaweza kusikia mvumo usiokatika. Dawa za kukojoza hazizibi tundu hilo, linahitaji upasuaji. Mpelekeni hospitali ya Maweni, Kigoma, leo hii, tajeni uvimbe wa aota mapema kabisa, ombeni kipimo cha CT na rufaa ya haraka. Tafadhali msimpandishe basi la Dar kienyeji.