Tezi Dume Ikivimba na Kuuma: Majibu ya Maswali Yenu

Maswali mengi safari hii yamehusu tezi dume inayouma. Kwanza tuwekane sawa: tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo alichozaliwa nacho kila mwanamume, kipo chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ndiyo maana tezi ikivimba, shida huanzia kwenye mkojo. Uvimbe ninaouzungumzia hapa si saratani, wala si kule kutanuka kwa tezi kunakowapata wanaume wakizeeka. Huu huwapata hata vijana.

Shikamoo daktari. Nina miaka 31. Tangu jana nina homa na ninatetemeka, mkojo unachoma na unatoka matone matone. Ninunue dawa gani?

Marahaba. Usinunue chochote, nenda hospitali leo hii. Homa, kutetemeka na mkojo kugoma kwa pamoja ni dalili za maambukizi makali ya tezi, na vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu. Mara nyingi huwa ni bakteria wa tumboni, E. coli, waliopanda kupitia njia ya mkojo. Toa mkojo ukapimwe na kuoteshwa (yaani maabara wakuze vijidudu vilivyomo ili vitambulike) kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, maana dawa ikitangulia, kipimo kinaweza kushindwa kumwonyesha kijidudu. Ukiwa na hali mbaya utaanzishiwa dawa za mshipa, kisha utaendelea na vidonge, jumla wiki 2 hadi 4. Mkojo ukiziba kabisa utawekewa mpira.

Na tafadhali usimfiche daktari: kama unatokwa na usaha au ulifanya ngono bila kinga, sema. Kisonono na klamidia vina dawa zake, na mwenzako naye lazima atibiwe.

Nimeandikiwa dawa za wiki 4. Siku ya 6 maumivu yameisha. Vilivyobaki nivitunze?

Hapana, vimalize. Dawa nyingi za kuua bakteria hupenya kwa shida ndani ya tezi dume, hasa uvimbe ukishaanza kupungua, kwa hiyo maumivu hutangulia kuondoka huku bakteria wachache wamebaki ndani. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyemimina mezani mfuko wa pakiti za dawa, na karibu kila pakiti ilikuwa na vidonge vitatu vinne vilivyobaki. Kila alipopata nafuu aliacha, na kila baada ya miezi michache mkojo ulianza kuchoma tena. Tulipouotesha, bakteria walikuwa wameshazoea dawa mbili kati ya zile. Iliniuma, kwa sababu mwanzoni angeweza kupona kwa kumaliza dozi moja kamili.

Kama umepewa siprofloksasini, usiimeze pamoja na maziwa wala dawa ya kupunguza asidi tumboni. Ukisikia maumivu kwenye kano ya nyuma ya kisigino, acha kuimeza na umwone daktari upesi akubadilishie.

Mwaka wa pili sasa nina maumivu kwenye kinena na msamba, nikitoa manii ndiyo yanazidi. Nimemeza antibayotiki aina nne. Kila kipimo hakionyeshi kijidudu. Nifanye nini?

Ndugu yangu, kwanza nakuamini. Maumivu yako ni ya kweli hata kama karatasi za maabara ni safi. Tena hauko peke yako: kati ya wanaume 10 wenye tatizo hili la tezi, takriban 9 hawana bakteria wanaoonekana. Maumivu yakivuka miezi 3 bila kijidudu, tunayaita maumivu sugu ya nyonga, na antibayotiki ya tano haitasaidia pale nne ziliposhindwa.

Kinachosaidia ni kuunganisha mambo. Iko dawa ya kulegeza shingo ya kibofu na misuli ya tezi, kama tamsulosini, inayofaa zaidi mkojo ukiwa unatoka kwa shida. Inaweza kukuletea kizunguzungu ukiinuka ghafla. Ibuprofeni hupunguza maumivu, lakini isiwe ya miezi, na kama una vidonda vya tumbo au shida ya figo muulize daktari kwanza.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni misuli. Mtu anayeumwa nyonga kwa muda mrefu hukaza misuli ya chini bila kujua, kama anayebana haja, na kukaza huko kunazaa maumivu mapya. Omba kuonana na mtaalamu wa viungo anayejua misuli ya nyonga, akufundishe kuilegeza. Usijifanyie mazoezi ya kuibana, yanaweza kukuongezea. Keti kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, inuka kitini mara kwa mara, pumzisha baiskeli. Kahawa, pombe na pilipili acha kimoja kimoja uone kipi kinakuchokoza. Nafuu huja polepole, kwa wiki na miezi.

Nina miaka 62. PSA yangu (kipimo cha damu cha tezi dume) imepanda, na wakati huohuo nimekutwa na maambukizi ya tezi. Je, ni saratani?

Mzee wangu, kipimo hicho hupanda hata tezi ikivimba tu. Tibiwa umalize, subiri wiki 6 hadi 8, kisha kirudiwe. Kikishuka na kubaki chini, vizuri. Kikibaki juu, hapo uchunguzi zaidi ni lazima, na usiuahirishe.

Mume wangu anatibiwa. Ataniambukiza? Tunaweza kukutana?

Dada yangu, kwa kawaida hakuambukizi, isipokuwa chanzo kikiwa ugonjwa wa zinaa. Hapo mtibiwe wote na msikutane hadi mmalize. Akiwa na homa na maumivu makali, mwache apumzike. Kwa yule mwenye maumivu sugu, kutoa manii hakumdhuru, na wengine huwapa nafuu.

Nasikia daktari huingiza kidole. Naogopa.

Unalala ubavu, magoti umeyakunja kuelekea kifuani. Daktari huvaa glavu, hupaka kilainishi na kuigusa tezi kwa wepesi, haifiki dakika moja. Tezi yenye maambukizi makali haipaswi kukandwa hata kidogo, kwa hiyo ikiuma sema palepale, naye ataacha.