Ukifika Pantheon, usikimbilie ndani

Wageni wengi wanaofika Pantheon, hekalu la kale mjini Roma, hupita barazani kama watu wanaokimbia mvua, kwa kuwa kila mmoja ameshasimuliwa habari za kuba na tundu lake. Ndugu na marafiki ninaowapeleka pale huwa nawashauri jambo moja: lipeni baraza haki yake kwanza, nanyi mwanzie mbali, ng'ambo ya pili ya uwanja.

Kutoka huko utaona kwamba uwanja unateremka kuelekea jengo. Enzi za Kaisari Hadrian, ambaye jengo lilikamilika chini yake mnamo mwaka 126 hivi, watu walipanda ngazi kuingia. Ardhi ya mji imeinuka tangu hapo, ndiyo maana baraza linaonekana limedidimia. Ukitazama juu zaidi, nyuma ya pembetatu ya paa, utaona alama za pembetatu nyingine ukutani. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba mjenzi alikusudia nguzo za futi 50 za Kirumi, akapata za futi 40. Nami nakubaliana nao, maana pembetatu ile, kwa macho yangu, ni nzito mno kwa nguzo zinazoibeba.

Kisha sogea hadi kwenye nguzo zenyewe. Zipo 16, nane mbele na nane nyuma, na kila mwili wa nguzo ni jiwe moja zima la granaiti, lenye urefu wa karibu mita 12 na uzito wa takriban tani 60, lililochimbwa Misri. Ikaribie mojawapo ya zile za kijivu mpaka uone chembe nyeusi zilizotapakaa kwenye jiwe, ukikumbuka kwamba liliburutwa jangwani hadi Mto Nile kabla ya kupakiwa melini.

Usiondoke bila kutazama nguzo ya pembeni kabisa kushoto, ambayo ina wekundu usiofanana na wenzake wa mbele. Iliwekwa karne ya 17 na Papa Urbano VIII wa ukoo wa Barberini, na kwenye taji lake, yaani kichwa cha nguzo, katikati ya majani ya mawe, amechongwa nyuki, nembo ya ukoo huo. Beba darubini ndogo, kwa kuwa yuko juu sana. Papa huyo huyo aliyeitengeneza pembe hiyo ndiye aliyeng'oa boriti za shaba nyeusi za dari la baraza, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ikayeyushwa kuwa mizinga.