Kuku wanakula hela yote ya nyumbani, niwauze? Jibu kwa dada wa Pongwe

SWALI: Shikamoo bwana mifugo. Naishi Pongwe hapa Tanga, tuna nusu eka na nyumba ya bati ya vyumba vitatu, tuko watu sita. Nina kuku chotara 37, mitetea 25 na majogoo 12, nawafungia muda wote. Kila mwezi nanunua karibu mifuko mitatu ya chakula, mfuko wa kilo 50 ni elfu 70, alafu kuna gunia la mkaa na maji ya kununua kwa dumu. Mayai napata 9 au 10 kwa siku. Mume wangu anasema tuuze kuku wote maana wanatumalizia hela. Mimi nawaza nikope kikundini ninunue tangi la lita 5,000 tuvune maji ya mvua, angalau gharama moja ipungue. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba dadangu, na asante sana kwa kuandika na namba zako, maana wengi wananiuliza tu "nipunguzeje matumizi" bila kusema wanatumia nini, sasa mtu utamshauri vipi. Mi nakwambia moja kwa moja, kuku usiuze wote na tangi lisubiri kwanza. Hela yako inavujia kwenye lile banda, na inavuja kwa sababu unalisha kuku wengi ambao hawakupi kitu.

Twende na hesabu yako mwenyewe. Kuku mkubwa wa aina hiyo aliyefungiwa anakula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku 37 ni kilo 4 na gramu 440 kwa siku, kwa mwezi ni kilo 133, ndo hiyo mifuko yako karibu mitatu, inafika elfu 186 na kitu. Mayai 10 kwa siku ni mayai 300 kwa mwezi. Gawa. Kila yai linaloingia kwenye kikapu chako limekula chakula cha shilingi 620, na hapo hujahesabu dawa wala jasho lako. Kwa hiyo mumeo haoni vibaya, anachokiona ni kweli kabisa, ila dawa yake ni kali kuliko ugonjwa.

Anza na majogoo. Mitetea 25 inatosha majogoo watatu, hesabu ya kawaida ni jogoo mmoja kwa mitetea 8 mpaka 10, na kama hutotoleshi vifaranga unauza tu mayai ya kula basi hata jogoo mmoja humhitaji, mtetea anataga bila jogoo. Majogoo 9 waliozidi wanakula zaidi ya kilo 32 kwa mwezi, hiyo ni elfu 45 kila mwezi unawalipa wapigane na kuwakwaruza mitetea migongo. Wauze.

Alafu pitia mitetea mmoja mmoja. Fanya usiku wakiwa wametulia, chukua tochi, mshike mtetea vizuri chini ya kwapa kichwa kikiangalia nyuma yako, alafu pima kwa vidole ile mifupa miwili ya nyonga iliyo pembeni ya tundu la kutagia. Anayetaga vidole vitatu vinapita katikati, au viwili bila shida, na tundu lenyewe ni pana lina unyevunyevu, tumbo laini kama unga uliokandwa. Asiyetaga ni kidole kimoja tena kwa taabu, tundu dogo limekauka, na mara nyingi kilemba kimepauka kimesinyaa. Angalizo moja hapo, kama yuko kwenye kunyonyoka manyoya usimhukumu, huyo amepumzika, mpe wiki kadhaa, na kama ni mdogo hajaanza kutaga muache. Ila yule bibi ambaye msimu mzima hujaona yai lake, huyo ni kitoweo. Kwa mayai 10 kutoka mitetea 25 sitashangaa ukikuta wanne wa namna hiyo, na pengine zaidi.

Tuseme umebaki na mitetea 21 na majogoo watatu. Chakula kinashuka mpaka kilo 86 kwa mwezi, yaani karibu mfuko mzima umeondoka, na mayai yako ni yale yale. Hujanunua kitu, hujakopa, na mkononi una hela ya kuku 13.

Sasa angalia chombo cha kulia. Hili nalisema kila banda ninaloingia. Watu wanajaza chombo mpaka juu ili wasirudi rudi, kuku anachakura kwa mdomo kinamwagika chini kinachanganyika na kinyesi, kinaisha hivyo. Jaza theluthi tu, na kiinue ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku. Ukitaka kuamini tandika mfuko mtupu chini ya chombo siku moja, jioni kusanya kilichomwagika upime. Kuna mama mmoja kule Mabokweni tulifanya hivyo na kuku wake 30, jioni tukakung'uta ule mfuko kwenye ungo tukapata zaidi ya nusu kilo, akanyamaza kidogo alafu akaniambia, "kumbe nilikuwa nalisha panya."

Baada ya hapo ndo tuzungumze kuchanganya chakula mwenyewe, kwa sababu kuchanganya chakula cha bei nafuu kwa ajili ya kuku wasiotaga bado ni hasara. Mchanganyiko wa kilo 50 ambao nimewapa wafugaji wengi wa chotara wanaotaga ni huu: mahindi ya kuparaza kilo 20, pumba za mahindi kilo 12, mashudu ya alizeti kilo 10, dagaa waliosagwa kilo 4, makombe ya pwani yaliyotwangwa kilo 3 na gramu 700, chumvi gramu 150 na premiksi ya kuku wa mayai gramu 150 (ule unga wa vitamini na madini wa dukani, angalia na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yako). Protini yake inakuja kama asilimia 15 na nusu, inatosha kwa kuku wako, siyo kuku wa kisasa wa mayai wale wanataka zaidi. Ile chumvi na premiksi zichanganye kwanza na pumba kidogo kwenye beseni, alafu ndo umwagie kwenye turubai pamoja na vingine ugeuze kwa koleo, la sivyo kuku mmoja atakula chumvi yote.

Dagaa hapo naomba unielewe vizuri, wawe wakavu ambao hawajatiwa chumvi. Chumvi nyingi inaua kuku. Ukienda kwa wavuvi Deep Sea au Sahare omba wale waliovunjikavunjika ambao wachuuzi hawawataki, onja mmoja kwa ulimi, na suuza mchanga uwaanike tena kabla ya kusaga. Makombe hayo unajua mwenyewe, sisi watu wa pwani tunayakanyaga, ni kalsiamu tupu kwa ajili ya ganda la yai, osha, anika, twanga yawe kama chenga za mchele. Usiweke chokaa ya kuchomwa ile ya kujengea, inaunguza. Na vifaranga usiwape mchanganyiko huu, kalsiamu hiyo ni nyingi mno kwao inaharibu figo.

Mahindi na mashudu nunua kidogo kidogo, ya wiki mbili tatu. Mi iliwahi kunikuta, nilinunua mashudu mengi kwa sababu yalikuwa bei rahisi, yalikuwa na joto joto ndani ya gunia nikajiambia yatakauka, baada ya siku chache vifaranga wangu wakaanza kulegea, nikapoteza karibu wote. Ilikuwa ni uvundo. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho, na siyo ya kuku tu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo yakinuka uvundo au yameshikana mabonge rudisha, na usijaribu kuyaanika eti yatapona, kuanika hakutoi sumu.

Kuna chakula kingine kiko jikoni kwako unakimwaga. Machicha ya nazi. Sijaona nyumba ya Tanga isiyokuna nazi, na ukishakamua tui lile chicha linaenda jalalani. Kuku wanalipenda, lina mafuta, linapunguza pumba za kununua. Lipe siku ile ile ulipokuna, kwa joto la huku kesho yake limeshachacha linanuka, na liwe kiasi, kama konzi moja kwa kuku watano, maana nyuzi ni nyingi na protini yake ni hafifu kwa hiyo haliwezi kuwa chakula chenyewe. Majani ya mlonge yakaushe kivulini uponde uongeze, yana protini nzuri na mti unaota hata kwa tawi la kuchomeka.

Na mchwa! Jioni chukua chungu kibovu, kijaze magunzi na samadi ya ng'ombe iliyolowa, kifudikize juu ya tundu la mchwa, funika na gunia bichi lisikauke. Alfajiri kabla jua halijapanda kiinue upesi ukung'ute mbele ya vifaranga. Utawaona wanavyokimbia. Ni protini ya bure kabisa.

Nusu eka yako pia itumie, wafungulie kuanzia saa tisa mchana mpaka jioni, asubuhi wameshataga ndani kwa hiyo mayai hayapotei vichakani. Wakitoka hivyo punguza chakula kidogo kidogo huku unaangalia mayai, mayai yakishuka rudisha. Lakini kuku anayetoka anakutana na kuku wa jirani, kwa hiyo chanjo ya mdondo (kideri) usiiruke, ile ya I-2 tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Mdondo ukiingia hesabu zote hizi hazina maana, banda linabaki tupu ndani ya wiki.

Mkaa. Hapa sina mengi ila jambo moja lina uzito, maharage. Loweka usiku, mwaga maji yale, chemsha kwa moto mkali dakika 20 yatokote kweli kweli, alafu sufuria na mfuniko wake iingize kwenye kapu kubwa ulilotandika blanketi kuukuu na nguo chakavu, lifunge gubi gubi, uliache masaa manne matano bila kufunguafungua. Yanaiva yenyewe kwa joto lake. Yakibaki magumu kidogo unarudisha jikoni muda mfupi tu. Mle kwangu tulianza hivyo na gunia la mkaa likaanza kuvuka mwezi. Na vifuu vya nazi usitupe, vinawaka moto mkali, hizo dakika 20 za kuchemshia tumia vifuu. Jivu lake peleka bandani, chimba kishimo, changanya na mchanga mkavu kuku waoge, wanapunguza utitiri na chawa.

Mbolea ya kuku wekea mchicha na matembele, ila ilundike kwanza ipoe, ikiwa mbichi inaunguza mche.

Kuhusu tangi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji, ni rahisi hivyo. Hukuniambia ukubwa wa nyumba, tuseme paa ni mita 10 kwa 6, hiyo ni mita 60 za mraba, mvua moja nzuri ya masika ya milimita 20 inakupa lita 1,200, toa inayorukia nje utabaki na kama 1,000. Kwa hiyo maji unayo, usichokuwa nacho ni gata. Funga gata upande mmoja tu wa paa, yaingie kwenye mapipa ya lita 200 yenye mifuniko au neti mbu wasizaliane, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati kwanza. Tangi la lita 5,000 kwa watu sita mkitumia lita 100 kwa siku ni siku 50, likiisha wakati wa kiangazi unarudi kwenye dumu huku riba ya kikundi inaendelea. Linunue baadaye kwa hela ambayo kuku wamekurudishia, siyo ya mkopo.

Majogoo wapeleke gulioni asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, wafunge miguu kwa kitambaa siyo kamba ya katani, na usiwauze wote tisa siku moja kama bei ni ya kubanwa. Usiku wa kuamkia hapo fanya ile kazi ya tochi na vidole na mumeo akiwepo akushikie kuku, ajionee mwenyewe yupi anataga na yupi anakula bure. Alafu mwezi ukiisha niandikie tena, niambie mifuko mingapi na mayai mangapi.