Bustani ya Mediterania: acheni kuniuliza majina ya mimea tu

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada mi sina muda, nitajie mimea mitano ya ukingo wa Mediterania ambayo nikishapanda nasahau." Nikacheka halafu nikakasirika kidogo, maana kila anayepiga picha ule ukingo wangu, yaani ule ukanda wa mimea ya nchi za Bahari ya Mediterania niliyoipanda kando ya ukuta, anauliza hivyohivyo, hakuna hata mmoja anayeuliza chini kuna nini.

Chini kuna kokoto. Siku namwaga kokoto zile ndugu yangu mmoja, simtaji ila anajijua, alisimama mikono kiunoni akasema mbele ya wageni "huyu sasa anapanda mawe," watu wakaangua kicheko, na mi nikanyamaza nikaendelea na koleo langu. Sijasahau, nasema ukweli. Siku hizi lavenda, vile vichaka vya maua ya zambarau yanayonukia, zikichanua nyuki wanajaa pale mpaka unasikia ngurumo, na yeye akija anapita upande wa pili kama vile haoni kitu. Sawa tu.

Ila nilikuwa najua ninachofanya. Kule kwenye nchi za Mediterania mvua inanyesha kipindi cha baridi, kiangazi ndo joto na ukavu, na vilima vingi vina udongo mwembamba wa mawe ya chokaa. Ndo maana lavenda na seji (kiungo cha majani) zina majani ya kijivu, vile ni vinyweleo vinavyorudisha mwanga wa jua na kupunguza maji kupotea, na rozmari, kiungo kingine kinachonukia, ina vijani vyembamba vilivyojikunja kingo kwa sababu hiyohiyo. Mimea hii kiu inaijua vizuri. Kinachoiua ni maji yaliyosimama kwenye mizizi, na mtu akiiona imenyauka anadhani ina kiu anaongeza ndoo nyingine, basi anaimaliza kabisa.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwenye kitalu cha miche chimba shimo la kama sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Ukikuta kesho yake bado yapo, una udongo wa mfinyanzi, usijidanganye. Inua tuta sentimita 20 mpaka 30, changanya kokoto na mchanga wa chembe kubwa kwenye udongo wote, sio kuzitupa chini ya shimo tu, halafu juu tandaza kokoto nyingine kama sentimita 5. Hizo za juu zinazuia magugu na zinaacha shina likae pakavu. Na samadi weka mbali jamani! Ukiilisha lavenda sana inarefuka, inalegea, inaangukia katikati, maua kiduchu.

Kuna mama mmoja wa Uingereza, Beth Chatto, aliyefariki 2018, huyo ndo namheshimu. Miaka ya mwanzo ya 1990 alichukua maegesho ya magari kule Essex akayageuza bustani ya kokoto, na msimamo wake ukawa mimea ikishashika mizizi haimwagiliwi, kiangazi kikaze kinavyokaza. Hakuanza na orodha ya mimea mitano, alianza na kuusoma udongo wake na mvua yake.

Haya, majina, najua mnayasubiri. Rozmari ndo ya kwanza kwangu, inavumilia wapandaji wazembe. Thaimu inayotambaa iweke mbele kabisa. Seji, santolina (kichaka kifupi cha majani ya kijivu), halafu lavenda, na hapa angalia hali ya hewa yako, kama mvua zako zinakuja wakati wa joto achana na ile ya Kiingereza, chukua yenye majani ya meno meno, inavumilia unyevu wa hewa vizuri zaidi. Bogenvilia na katani watu wanaziita za Mediterania na zinapendeza kweli, ila kwao ni bara la Amerika, mi sina tatizo nazo, zinapenda jua na ukavu basi zinaingia. Oleanda nayo haina kazi ila ina sumu kuanzia jani mpaka mzizi, mwenye watoto wadogo au mbuzi aiache.

Halafu hili la "kusahau". Msimu wa kwanza hakuna kusahau kitu. Unamwagilia, lakini maji mengi mara moja yazame chini halafu unaacha udongo ukauke, usinyunyizie kidogokidogo kila jioni, mizizi inazoea kukaa juu na ukisafiri tu umekwisha. Na usibananishe miche eti pajae haraka, lavenda moja ipe sentimita 40 hadi 50, hewa ipite. Mtu hana uvumilivu wa msimu mmoja halafu anataka raha ya miaka, haiwezekani, nyie watu mnapenda vya bure.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni mkasi. Lavenda ikimaliza kuchanua punguza, ila acha majani mabichi kwenye kila tawi, ukishuka mpaka kwenye mti mkavu wa kahawia mara nyingi haichipui tena. Rozmari vilevile, na vile vijiti laini unavyokata usitupe, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, vikitoa mizizi umepata miche ya kujazia mapengo bila kununua.